Hewa Imebaki Kiasi Gani

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa nilipougua kifua kikuu. Nilikuwa nakata na kung'arisha mawe ya vito kwenye karakana moja ndogo pale Ngarenaro, na kwa miezi miwili nilikohoa nikijiambia ni vumbi la mawe tu. Baadaye nikaanza kulowanisha shuka kwa jasho, suruali zikawa hazikai kiunoni. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenipeleka zahanati. Alinishika kiwiko kuanzia mlangoni kwake mpaka kwenye benchi la kusubiria, na hakuniachia hata tulipokaa.

Muuguzi alinieleza vizuri, tena kwa upole. Miezi sita ya dawa, kila siku, bila kuruka. Wiki za mwanzo nikae chumba cha peke yangu, dirisha wazi, mpaka dawa ziwapunguze nguvu wale wadudu. Alisema mambo mengi, lakini mimi nilibaki na neno moja tu: peke yangu.

Nilikuwa naishi kwa huyo dada, Daraja Mbili, kwenye chumba cha uani chenye mlango wake. Ana watoto wawili, na mdogo wakati ule alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo hakukuwa na mjadala. Sahani yangu ikawa yangu, kikombe changu kikawa changu. Chakula kiliwekwa kwenye kigoda nje ya mlango, dada akirudi nyuma hatua tano ndipo ananiita. Asubuhi alisimama pale pale kwa mbali, akanitazama nikimeza vidonge, kisha akaweka alama kwenye kadi. Muuguzi ndiye aliyempa kazi hiyo.

Nilikuwa na runinga ndogo na mashine ya gemu niliyoinunua mtumba. Tangu nikiwa kijana nilipenda gemu kupita kiasi; nilikulia kwenye vibanda vya gemu, nikiwa nimesimama nyuma ya walioketi. Gemu nililokuwa nalicheza wakati ule lilikuwa la mapigano: askari wa kike anakimbizwa na jeshi zima, naye anapiga risasi na kuruka makorongo. Nilikuwa nimefika mbali kabla sijaugua. Siku ya tatu ya kufungiwa, daraja alilokuwa anavuka yule askari lilikatika. Akaanguka ziwani, akazinduka chini kabisa, kwenye mji mzima uliozama.

Nieleze kidogo hapo palikuwaje, kwa sababu nilikaa humo karibu wiki tatu.

Bunduki hazifanyi kazi majini. Amebaki na kisu tu. Kwenye kona ya skrini kuna mstari wa buluu, ndiyo hewa aliyo nayo kifuani, na unafupika kila sekunde. Ukikaribia kuisha, unasikia moyo wake ukidunda, kisha pembe za skrini zinakuwa nyekundu, kisha anafungua mdomo, yanatoka mapovu mengi, halafu kimya. Ili asife, inabidi utafute nyumba ambayo hewa kidogo imenaswa chini ya dari, achomoze uso, avute pumzi, arudi tena gizani. Kuna samaki warefu kama mikunga wanaopiga shoti ya umeme. Kuna mkondo unaomvuta kumbamiza ukutani. Na katika mji wote kuna taa tatu tu za kijani ambapo unaweza kuhifadhi ulipofika. Ukishahifadhi kwenye taa ya kwanza, huwezi tena kurudi nchi kavu. Ama utoke kwa kupita mle mle, ama ufute kila kitu uanze gemu upya.

Alikufa mikononi mwangu mara nyingi sana wiki ile ya kwanza. Nilikuwa nacheza mpaka vidole vinakufa ganzi. Na kifua changu mwenyewe kilikuwa kinapiga filimbi. Nikipanda tu kitandani, nahema kama nimekimbia mpaka sokoni Kwa Mrombo na kurudi. Sikumbuki ni siku gani nilijiwekea nadhiri, lakini nakumbuka niliisema kwa sauti, ndani ya chumba kile, bila mtu wa kunisikia: nikimtoa huyu humu, nitapona. Nisipomtoa... Hapo sikumalizia.

Baba alikuja siku ya nane. Baba yangu ni mkulima wa kahawa na migomba huko mlimani upande wa Meru, ana ng'ombe watatu, na mjini hashuki ila kwa sababu. Kati yetu hapakuwa pazuri. Mimi ni mwanawe wa kiume pekee, mama alishafariki, na nilipoliacha shamba nikaenda kusaga mawe, alisema neno moja tu. "Vumbi." Miaka sita ilikuwa imepita tukisalimiana kwa adabu, basi.

Nilimsikia uani kabla sijamwona. Dada alikuwa anamsihi asiingie. Kisha kreti tupu la soda likaburutwa mpaka chini ya dirisha langu, kofia yake ikatokea kwenye ukingo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

"Nimeleta maziwa mgando. Dada yako atakupa."

"Asante, baba."

Basi. Tukaishiwa. Nilingoja aseme kuhusu vumbi. Alikuwa na haki ya kusema, nami nilikuwa nimejiandaa kuumia. Hakusema. Dakika zikapita, kofia haikuondoka, na mimi, kwa kukosa la kufanya, nikachukua pedi ya kuchezea nikaendelea. Askari wangu akakosa hewa katikati ya mtaa, moyo ukadunda, mapovu yakatoka.

Kofia ikainuka kidogo. "Nani huyo anakufa humo?"

"Ni gemu, baba. Ni askari. Amenasa chini ya maji."

"Kwa nini asirudi alikotoka?"

"Njia imefungwa."

"Na juu?"

"Juu kuna mapaa, baba. Na juu ya mapaa kuna mwamba."

Nilidhani amechoka na upuuzi wangu. Nikaanza tena kutoka kwenye taa ya kwanza, nikapita mtaa ule, nikaukosa mlango, nikazunguka.

"Hewa imebaki kiasi gani?" aliuliza.

"Nusu."

"Basi asizunguke."

Alikuja tena kesho yake, na keshokutwa, kila siku isipokuwa Jumapili ya ibada. Alikuwa anakamua, anashuka mlimani, analeta maziwa au loshoro aliyoipika mwenyewe, mahindi na mgando, nzito, anakaa juu ya kreti mpaka saa kumi, anarudi kwa ng'ombe wake. Alikuwa anakaa ameupa ukuta mgongo. Hakuwahi kugeuka kutazama ndani. Nadhani aliona aibu kumchungulia mtu mzima akiwa kitandani. Alisikiliza tu, na mimi nilimsimulia. Sasa ameingia kanisani. Sasa kuna mkunga mlangoni. Sasa mkondo unamvuta.

"Unamvuta kwenda wapi?"

"Sijui. Mimi napambana nao tu, baba."

"Usipambane nao. Maji hayo yanakwenda, maana yake kuna mahali yanatokea. Kule kwetu mfereji ukitoboka, utaona majani yanaelekea kwenye tundu. Mwachie mkondo umpeleke."

Nikamwachia. Mkondo ukampitisha chini ya ukuta nilioudhania mzima, kwenye mtaro, akatokea chumba cha mviringo chenye taa ya pili ya kijani. Nilipiga kelele, kelele ikageuka kikohozi, kikohozi kikaniinamisha mpaka nikaona nyota. Nje baba alikuwa amesimama. Niliona vidole vyake vimeshika nondo za dirisha, uso ameuelekeza uani.

"Polepole," alisema. "Polepole, baba."

Ndivyo alivyokuwa akiniita nilipokuwa mdogo.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo nilianza kupata nafuu. Ukweli ni kwamba ndipo hali ilipozidi kuwa mbaya. Vidonge vilinitapisha. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, na ingawa muuguzi alinionya, kila nikiutazama nilihisi naoza. Magoti yaliuma kama ya mzee. Nilijitazama mikono, mikono iliyokuwa inaweza kushika jiwe dogo kama punje ya mchele na kulikata pande zote sawasawa, sasa inatetemeka kwa kushika kikombe. Kisha mwenzangu wa karakana akanipigia simu. Alikuwa na nia njema. Alisema nisiwe na wasiwasi, nipone kwanza, ila mashine yangu ya kusagia amepewa mtu mwingine, kwa sababu kazi zilikuwa zinasubiri.

Siku hiyo hiyo mchana nilikuwa nimevuka mbali kuliko siku zote. Nilikuwa naiona taa ya tatu, nuru yake ya kijani inacheza mwisho wa korido, hewa robo. Umeme ukakatika.

Uliporudi, mashine ilichelewa kuwaka. Ilipowaka ikaniambia kumbukumbu yangu ya mwisho imeharibika. Iliyobaki ni ile ya zamani, ya taa ya kwanza. Kanisa, mtaro, chumba cha mviringo, vyote vilikuwa vimefutika. Najua ni gemu. Nilijua hata wakati ule. Lakini nilizima runinga, nikalala nimeutazama ukuta, na ile sentensi niliyoiacha bila kuimalizia ikajimalizia yenyewe.

Asubuhi dada aliniletea vidonge. Nikavitia mdomoni, nikanywa maji, nikavificha chini ya ulimi na shavuni. Akaweka alama kwenye kadi. Alipogeuka nikavitema dirishani. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Haikuniuma hata kidogo. Nilihisi kitu kama mapumziko, na hicho ndicho kinachonitisha hadi leo nikikumbuka: jinsi ilivyokuwa rahisi, na jinsi nilivyolala usingizi mzuri.

Siku mbili za kwanza baba hakuwepo, ng'ombe mmoja alikuwa anazaa. Siku ya tatu alikuja. Nilisikia kreti likivutwa, kisha halikukaliwa. Chini ya dirisha dada alikuwa amepanda magimbi, majani yake mapana, na vidonge havikuwa vimepita yale majani. Vilikuwa vimekaa juu yake, vyekundu, vingine vimeyeyuka nusu.

"Hizi ni za leo?" sauti yake iliuliza.

Nilijigeuzia ukutani.

"Na hizi? Za jana?"

"Baba, nimechoka."

Nilisikia mabuti yake ya mpira yakizunguka nyumba, nikajua anakwenda kumwambia dada, na sikujali. Kisha mlango wangu ukafunguliwa. Baba aliingia, akaufunga nyuma yake. Akaenda dirishani, akalifunga pia. Akaketi kitandani, bega lake karibu na langu.

"Baba, toka!"

"Meza dawa."

"Toka kwanza! Utaambukizwa, baba, toka, nitameza."

"Meza, nitoke."

Nilivuta shati nikajifunika mdomo na pua. Nilijisogeza mpaka ukutani. Yeye alikaa tu, ametulia kama yuko kwenye benchi la kanisani, kofia magotini. Aliiokota pedi iliyokuwa juu ya blanketi, akaigeuza geuza.

"Hii ndiyo inamsogeza yule askari?"

"Baba, nakuomba. Kwa jina la Mungu."

"Mimi nina miaka sabini na moja," alisema. "Ng'ombe ameshazaa. Leo sina haraka."

Nilianza kubana pumzi. Nilifikiri nisipotoa pumzi haitamfikia. Nilihesabu, nikafika ishirini, thelathini, macho yakajaa maji, na kikohozi kikapanda. Nikauzika uso kwenye mto, nikakohoa humo, kwa muda mrefu, nikisikia kila mdudu niliyeambiwa yumo kifuani mwangu akitoka na kukijaza kile chumba kidogo chenye dirisha lililofungwa na baba yangu ndani. Nilipoinua uso, alikuwa bado pale. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti haikubadilika.

"Meza."

Nilimwaga maji nusu. Nikameza kimoja kimoja, vyote vinne. Alinishika kidevu.

"Fungua. Nyanyua ulimi."

Alinikagua kama anavyomkagua ndama aliyepewa dawa ya minyoo. Ndipo akasimama, akafungua dirisha lote, akatoka. Uani nilimsikia dada akimpigia kelele kuliko nilivyowahi kumsikia akimpigia kelele mtu yeyote, na huyo ni baba. Yeye alimjibu kwa Kimeru, sentensi fupi moja. Alikuwa ameshashusha sauti, sikusikia. Nimemuuliza dada mara nyingi alijibiwa nini. Hataki kuniambia.

Muuguzi alipoelezwa kuhusu siku zile tatu alinigombeza, na nilistahili. Tukaendelea na dozi. Tangu hapo baba alikuwa anafika asubuhi, kabla sijala, na ni yeye aliyesimama hatua tano kutoka mlangoni, na baada ya kila dozi nilifungua mdomo bila kuambiwa. Mimi nami nilikuwa na kazi mpya: kusikiliza koo lake. Akisafisha koo nje ya dirisha, damu yangu ilisimama. Akipiga chafya, nilihesabu siku.

Runinga aliiwashisha yeye. "Yule askari bado yuko majini?" aliuliza siku moja, na nilipomwambia nimeacha, akasema, "Sasa mimi nakaa hapa nasikiliza nini?"

Tukaanza tena taa ya kwanza. Mtaro niliujua sasa. Kanisa nililijua. Siku nne zikatupeleka taa ya pili, siku mbili taa ya tatu, na safari hii kila nilipohifadhi nilihifadhi mara mbili, mahali pawili. Baada ya taa ya tatu kulikuwa na bomba refu la chuma, halina dari wala hewa, na mwisho wake gurudumu la kuzungusha ili mlango ufunguke. Alikufa mle ndani siku nzima. Nilikuwa nafika kwenye gurudumu na hewa ya kuzungusha mara mbili, wakati linahitaji tatu.

"Anabeba nini?" baba aliuliza.

"Kisu tu. Na bunduki zake mgongoni, ila hazifanyi kazi."

"Sasa anazibeba za nini?"

Sikuwa nimewahi kufikiri. Bunduki zile nilizitafuta kwa wiki nyingi kabla ya kuugua. Nikafungua orodha ya vitu vyake, nikaziangusha moja baada ya nyingine mpaka chini ya bomba, na kweli, akaanza kuogelea haraka. Gurudumu. Mara moja. Mara mbili. Skrini nyekundu yote, moyo unadunda mpaka baba nje akasema, "Haya, haya, haya." Mara ya tatu. Mlango ukafunguka, maji yakamsukuma nje na kumpandisha, juu, juu, mpaka uso wake ukapasua maji na akavuta ile pumzi, kwa sauti kubwa, kwenye ziwa lenye mvua.

"Ametoka?"

"Ametoka, baba."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kukaa pale, aligeuka, akaegemeza paji la uso kwenye nondo, akatazama skrini. Alitazama kwa muda.

"Kumbe ni mwanamke," alisema.

Nilicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kuacha. Alinisubiri. Hakuondoka mpaka karibu saa kumi na mbili, na siku hiyo ng'ombe walikamuliwa wamechelewa.

Mwezi wa pili ulipoisha ilibidi nipime tena makohozi. Wiki hiyo hiyo baba akaanza kukohoa. Kikavu, asubuhi asubuhi. Alisema ni ukungu wa mlimani. Dada alimshika kiwiko kama alivyonishika mimi, na tukaketi watatu kwenye benchi, baba katikati, kikopo cha plastiki mkononi, akinung'unika kwamba hana makohozi ya kumpa mtu. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya majibu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshajiamulia kwamba ikiwa nimemwambukiza, sitaweza kuishi nalo. Niliitazama mikono yake juu ya magoti, kucha zenye udongo, na nilitaka kumwambia. Nikasema tu, "Baba, nisamehe."

"Kwa nini?" Hakunitazama. "Yule ndama ana afya. Utamwona."

Muuguzi aliita jina langu kwanza: safi. Baba aliitwa baada ya muda mrefu sana. Naye alikuwa safi, ila aliambiwa arudi baada ya miezi michache wamtazame tena, na avae sweta.

Miezi minne iliyobaki niliimalizia kwake mlimani, kati ya migomba, nikimeza vidonge kila alfajiri yeye akiwa anatazama. Hakuna siku tuliyozungumzia vumbi, wala yale magimbi, wala mlango alioufunga. Mara mbili tatu nimekaribia kuanza. Yeye husikia ninavyovuta pumzi kabla ya kusema, basi huinuka, huchukua ndoo, na kunituma nikachote maji ya ng'ombe.